Mkono Uliozoea Chai

Mvua ya Boito haijui kubisha hodi. Jua linaweza kuwa limetulia juu ya mashamba ya chai, na kabla hujaanua nguo ya pili kwenye kamba, maji yamekwisha kuvamia mabati. Jumamosi hiyo ilimkuta Chepkorir akitoka kituo cha kuuzia majani, kikapu kitupu mgongoni. Badala ya kukimbilia kwao, alikimbilia kwa Auntie Phelis. Tusidanganyane: hata kungekuwa na jua kali, angekwenda huko huko.

Phelis alikuwa na hoteli ya chai na chapati pale senta, penye maduka. Nyuma ya hoteli, chini ya paa lisilo na ukuta upande mmoja, aliweka meza ya pool. Kitambaa chake cha kijani kilikuwa kimeshonwa kiraka kwenye kona moja, kama goti la suruali ya shule. Kutoka hapo mtu aliona mteremko wote wa chai hadi mtoni, na mvua ikinyesha ukungu ulipanda kutoka huko polepole na kuja kuchungulia mchezo.

Na hapo, akipaka chaki kwenye ncha ya fimbo bila haraka yoyote duniani, alikuwa Jackton. Moyo wa Chepkorir ulifanya mambo yake ya kila Jumamosi. Ulimwacha mlangoni ukatangulia kuingia.

"Umelowa," Jackton alisema.

"Wewe ndiye umekauka sana."

Alicheka, na Chepkorir akajifanya anakamua maji kwenye leso yake ili asionekane anavyomtazama. Jackton alikuwa kijana mrefu, mtaratibu, mwenye macho ya mtu anayesikiliza. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye chai kabla hajazaliwa, na sasa yeye alikuwa kiwandani, kwenye mashine za kuchambua. Hata akioga namna gani, shingo yake ilinukia chai kavu. Chepkorir alikuwa amechuna chai tangu utotoni, na hakuwahi kujua ina harufu tamu vile mpaka alipoanza kufundishwa pool.

Ndiyo, pool! Binti wa Mzee Kiplangat, mwimba kwaya, anacheza pool! Senta nzima ilisema mpaka ikachoka. Mambo yalianza kwa mvua kama hii, alipouliza kwa utani kama mchezo huo ni mgumu, na Jackton akamkabidhi fimbo. Chepkorir aliishika jinsi anavyoshika ule ufito mrefu ambao wachunaji huulaza juu ya chai ili wachune usawa mmoja. Akainama kama anayeinamia mche, akagonga. Mpira ukaingia. Akagonga tena, ukaingia tena. Wanaume waliokuwa wanakunywa chai walisahau kumeza.

Halafu yakaanza mafunzo.

"Kiwiko kisitoke nje," Jackton alimwambia Jumamosi iliyofuata, na kiwiko kikarudi ndani. "Kidevu kishuke kidogo." Kidevu kikashuka. Baadaye ikawa vidole, ikawa miguu, ikawa hata pumzi. Kila walipokutana alikuwa na kitu kipya cha kunyoosha, na alikinyoosha kwa sauti ya chini nyuma ya sikio la msichana, kiganja chake kikielea juu ya mkono wa Chepkorir bila kuugusa. Kwa sauti ile, Chepkorir angekubali kunyooshwa mpaka azeeke. Tatizo ni kwamba mipira ilikuwa imeacha kuingia.

Leo pia waliupanga mchezo, wakagongagonga kila mmoja kwa zamu, na mvua ikawafungia pamoja kama pazia. Chepkorir aliinama. Akakumbuka kiwiko. Akakumbuka kidevu. Alipokuwa anakumbuka vidole, fimbo iliteleza na mpira mweupe, ule wa kugongea mingine, ukaenda kujipigia ukutani, peke yake.

"Umeinua bega," Jackton alisema.

"Wiki ile uliniambia nililegeze."

"Ndiyo, lakini nimeona shida haikuwa kulegeza. Ukisimama hivi, ukaleta mguu..."

"Jackton." Chepkorir alilaza fimbo mezani. "Kesho tuko na wageni nyumbani."

Phelis, aliyekuwa anapanga vikombe kwenye kabati la karibu, alianza kuvipanga taratibu zaidi ili apate kusikia.

"Wageni gani?"

"Wazee. Wanatoka Kipkelion. Wanakuja kuuliza msichana wa kuposa."

"Msichana gani?"

"Sasa kwetu tuko wangapi?"

Chaki ilimponyoka Jackton ikabingirika chini ya meza, wala hakuifuata. "Na baba yako anasema nini?"

"Aliniita jana tukikamua. Akaniambia, 'Mama, mimi sitakulazimisha. Lakini niambie, kuna mtu? Kama kuna mtu, hawa wazee nitawaambia warudi kwao. Kama hakuna, siwezi kufukuza watu wa heshima bure.' Nikamwambia kuna mtu. Akaniuliza, 'Ako wapi? Mbona mimi simwoni?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ng'ombe amemaliza maziwa."

Jackton alitazama mvua. Alipogeuka, uso wake ulikuwa na ile huruma ambayo Chepkorir aliipenda na kuichukia kwa pamoja.

"Chep, unajua nakuja. Nimebakisha kidogo tu. Kipngeno wa kiwandani ananifundisha Kipsigis, siku hizi naweza kusema sentensi nzima. Nyumba imefika lenta, juu ya madirisha, imebaki paa. Mjomba wangu ananitafutia suti. Safari hii nataka nije sawa, kitu kisikose."

"Ulisema hivyo wakati wa kupanda mahindi. Tumevuna, Jackton. Tumekula, na mabua ng'ombe wamemaliza."

"Si unajua ni kwa sababu ya ile siku."

Alijua. Nani Boito asiyejua? Mzee wa Kipsigis mwanamume husalimiwa "Subai," naye huitika "Epa." Mwanamke husalimiwa "Takwenya," naye huitika "Igo." Jackton alizirudia salamu zote mbili njia nzima, mwaka uliopita, mara ya kwanza na ya mwisho kupanda kwa kina Chepkorir. Alipofika na kumkuta Mzee Kiplangat ameketi na wenzake kando ya boma la ng'ombe, alinyoosha mkono kwa heshima zote na kusema kwa sauti ya kanisani, "Takwenya!" Alimwamkia mzee wa watu kama nyanya wa mtu. Wazee walicheka mpaka mmoja akaangusha bakora yake. Mzee Kiplangat peke yake hakucheka. Jackton alikunywa chai iliyomchoma ulimi, akashukuru, akashuka, na tangu hapo kile kilima alikiona kwa mbali tu.

"Ni kosa moja," Chepkorir alisema.

"Mbele ya wazee, Chep! Mimi tayari ni mtu wa ziwa, si wa kabila lenu. Hata asiponikataa kwa hilo, atanikataa kwa lile."

"Hajakukataa. Hujamwomba."

Hapo Jackton alifanya alichozoea. Alichukua fimbo, akampa, akasema kwa upole, "Njoo. Hebu rudi tuanze na bega."

Chepkorir hakuwa mtu wa kufoka. Kwao watoto wote walikuwa wapole isipokuwa yeye siku mbili tatu kwa mwaka. Hii ikawa mojawapo.

"Wewe umezaliwa kwa chai na hujawahi kuiangalia," alisema. "Chai tunaikata mara moja, kisha tunaiacha miaka. Katikati hapo ni kuchuna. Unachuna leo, unarudi tena wiki ijayo, mche ni ule ule, mkono ni ule ule. Kukiwa na jua unarudi, kukiwa na baridi unarudi. Sasa mtu akikata chai yake kila wiki kwa sababu ameona tawi limepinda, atapata nini?"

"Kuni," Phelis alijibu kutoka kwenye vikombe.

"Asante, Auntie. Kuni! Umenikata kiwiko, umenikata kidevu, sasa unataka bega. Hujaniacha nichune hata siku moja. Na wewe mwenyewe unajikata vile vile. Mara Kipsigis, mara lenta, mara suti. Mimi sikupenda suti, Jackton." Akailaza fimbo tena mezani. "Nilipenda mtu anayekuja Jumamosi."

Mvua ilikuwa imelegea. Matone yalianguka kutoka ukingoni mwa paa moja moja, na kati ya tone na tone wale wawili walitazamana kwa muda ambao hata Phelis, mpenda habari wa kutajika, aliona haya akageuka. Katika macho ya Jackton msichana aliona jinsi anavyopendwa, akaona pia jinsi kijana anavyoogopa kumpoteza, na jinsi hofu ile inavyokaribia kumpoteza kweli. Alitamani kuweka kichwa chake kwenye lile koti linalonukia chai na kulala hapo mpaka Kipkelion nzima isahau jina lake. Badala yake alishika fimbo.

"Tumalize mchezo huu," alisema. "Nitacheza na mkono wangu mbaya, vile nilianza. Wewe usiseme neno hata moja. Nikishinda, leo hii unapanda na mimi nyumbani, vile ulivyo. Nikishindwa, kesho baba akiniuliza kama kuna mtu, nitamwambia nilikosea."

"Chep, hilo si jambo la kuwekea mchezo."

"Umeliwekea suti. Na usinihurumie, ukinihurumia nitajua."

Akainama. Kiwiko kilitoka nje kama mpini wa kikombe. Kidevu kilibaki juu, miguu ikasimama walivyosimama mama yake na nyanya yake katika mistari ya chai. Jackton alifungua mdomo, akaufunga. Fimbo ikaenda, mpira ukakosa shimo kwa upana wa kidole.

Ilikuwa zamu ya Jackton. Mchezaji huyu ambaye vijana wa Kapkatet walikuja kumtazama alikosa mpira uliokuwa mdomoni mwa shimo. Chepkorir alimwangalia mikono kwanza, aone kama ni huruma. Haikuwa huruma. Alikuwa amesahau hata kupaka chaki.

Akainama tena, kiwiko pale pale, kidevu pale pale. Mpira ukaingia. Hakushangilia. Alizunguka meza polepole, macho yakiwa yamelegea kidogo kama ya mtu anayechuna huku akiwaza mbali, na kila mara aliinama vile vile. Mwingine ukaingia, na mwingine ukafuata. Kitu fulani kilianza kumwingia Jackton kifuani alipokuwa anamtazama. Mkono ule aliokuwa akiuhurumia kwa makosa yake ulikuwa ukirudi na kurudi mahali pale pale, na kila uliporudi ulitulia zaidi. Ungemfikisha mbali zamani, kama angeuacha. Alijiuliza ni nini kingine amekuwa akikizuia kwa mikono yake mizuri.

Ukabaki mpira mweusi, ule wa kumalizia mchezo, karibu na kona yenye kiraka.

Phelis aliacha vikombe kabisa. Ukungu ulikuwa umefika kwenye ukingo wa sakafu. Chepkorir alivuta pumzi, akagonga, na ule mweusi ukapanda kiraka, ukasitasita, ukaingia shimoni kwa sauti nzito. Aliachia kicheko kidogo. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu ule mweupe haukusimama. Ulikuwa unaufuata mwenzake kwa utulivu, bila haraka, ukapanda kiraka na kuzama nao.

Sheria ya meza ile kila mtu aliijua: mweusi ukiingia na mweupe, umeshindwa.

"Sheria ni sheria," Phelis alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyetamani kuwa kiziwi. "Jackton, mchezo ni wako."

Chepkorir alirudisha fimbo mahali pake. Hakubishana, hakulia. Alichukua kikapu chake akakitia mgongoni, akaweka ukanda kichwani vizuri, akasema, "Asante kwa kunifundisha." Akatoka.

Jackton alibaki amesimama na ushindi wake. Alikuwa na haki yote ya kungoja. Lenta, suti, sentensi zake nzima, hakuna mtu angemdai kitu tena. Aliingiza mkono chini ya meza akautoa mpira mweupe, akaushika kiganjani. Ulikuwa na baridi. Akamwona Chepkorir akivuka barabara ya matope, kikapu kitupu kikimchezacheza mgongoni, na akaelewa kwamba Jumamosi ijayo angekuwa hapa na fimbo iliyonyooka kabisa, bila mtu.

"Auntie," alisema, "nishikie hii." Akamtupia Phelis mpira, akakimbia.

"Chep! Chep, ngoja!"

Alimfikia kwenye kichochoro kinachoingia kwenye chai. Chepkorir hakugeuka.

"Nilishindwa," alisema.

"Kwa meza ulishindwa. Twende."

"Wapi?"

"Kwa baba yako."

Sasa aligeuka. Alimtazama kuanzia viatu vyenye matope, koti la kazini lisilo na kifungo cha katikati, hadi kofia na vumbi la chai kwenye nyusi. "Hivyo hivyo?"

"Hivi hivi. Nikingoja nioge nitapata sababu nyingine."

Walipanda katikati ya chai, Chepkorir mbele, Jackton nyuma, kwa maana njia ilikuwa ya mtu mmoja. Jua la jioni lilijipenyeza chini ya mawingu na chai yote ikang'aa kijani cha kuumiza macho. Ukungu uliwafuata kwa nyuma, ukifuta senta, ukifuta hoteli, mpaka ikawa kana kwamba ulimwengu una kilima kimoja na watu wawili. Majani yaliwalowesha mikono. Wakati fulani Chepkorir alihisi kikapu kikiwa chepesi kuliko kitupu, akajua Jackton amekishika ukingo wa chini kwa kidole, naye akapunguza mwendo ili njia iwe ndefu. Angependa njia ile isifike.

Nyuma yake alisikia mnong'ono. "Subai. Subai. Subai, mzee."

"Unafanya nini?"

"Najikumbusha."

"Wacha. Pumua tu."

Mzee Kiplangat alikuwa ameketi barazani, gambuti miguuni, redio ndogo pajani ikimsomea matangazo ya vifo. Mbwa alibweka mara moja, akaona si mgeni wa maana, akalala. Jackton alivua kofia. Alikuwa na salamu tayari, alikuwa na sentensi nzima nyuma yake, na nyuma ya sentensi alikuwa na nyingine. Mzee aliinua macho. Vyote vikaruka kama ndege waliotupiwa jiwe, likabaki neno moja, likatoka.

"Takwenya, mzee."

Chepkorir alifumba macho. Ndani ya nyumba sufuria ilianguka, kwa maana mama yake naye alikuwa amesikia.

Mzee Kiplangat alizima redio. Alimtazama yule kijana, kofia mkononi na matope magotini. Alimtazama muda mrefu. Kisha akajiweka sawa kitini, akasafisha koo, na bila tabasamu hata chembe akaitika kama nyanya wa heshima.

"Igo."

Jackton hakujua acheke au akimbie. Alibaki amesimama. Labda hilo ndilo lililomsaidia.

"Hiyo salamu nilikuwa sijaijibu," mzee alisema. "Nilingoja urudi nikujibu. Nikasema, yule kijana akirudi, hata akosee vile vile, nitamwitikia. Ukapotea. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa najitayarisha, mzee."

"Kujitayarisha kwa nini?"

"Nisikosee tena."

"Na leo umekosea."

"Nimekosea, mzee."

"Na Jumamosi ingine utakuja?"

Jackton alimtazama Chepkorir, aliyekuwa amefumbua jicho moja tu. "Nitakuja. Na ile ingine inafuata pia, nitakuja."

Mzee Kiplangat alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima majani kwa mkono kabla ya mizani. "Mimi sijasema nimekubali. Mtu wa ziwa na sisi, tuko na mambo mingi ya kuongea, na wewe utakuja na wazee wako, hutakuja na kofia. Na huyo mama huko ndani ako na maswali yake, unasikia vile anaangusha vyombo." Aligeukia binti yake. "Mama, mletee kiti. Kesho hao wa Kipkelion nitawapa chai wakunywe vizuri, halafu nitawaambia kuna mtu. Nimemwona."

Chepkorir aliingia ndani kutafuta kiti, na kwa jinsi macho yalivyokuwa yamemjaa machozi, hakukiona, ingawa kilikuwa pale pale mlangoni.